Kobalti ya Kolwezi na ncha ya mzizi uliopinda

Waasi walipoiteka Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga nchini Kongo (wakati huo Zaire), tarehe 13 Mei 1978, na wanajeshi wa miavuli wa Ufaransa wakashuka siku sita baadaye, migodi ya kampuni ya Gécamines ilisimama na wanunuzi wa kobalti duniani wakaingiwa na kiwewe. Mwanzoni mwa mwaka huo ratili moja ilikuwa chini ya dola 7. Mapema 1979 bei ilifika dola 25. Waliolia zaidi ni watengenezaji wa injini za ndege. Hata hivyo, metali hiyo hiyo ilikuwa pia vinywani mwa watu.

Iliingia huko mwaka 1932, pale maabara ya Austenal ya Marekani ilipowaletea madaktari wa meno Vitallium, mchanganyiko wa kobalti, kromu na molibdenamu usioshika kutu, ukawa fremu ya meno ya bandia. Kufikia hapo kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ilikuwa imeshaifanya Katanga mzalishaji mkubwa wa kobalti. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya saa ya Elgin, Marekani, ikabuni metali yenye asilimia 40 hivi ya kobalti kwa ajili ya springi za saa, kwa sababu za chuma zilikuwa zikiliwa na kutu na kukatika. Waya wake ukapendwa na madaktari wanaonyoosha meno ya watoto.

Springi ya saa haikuwa ngeni kwa madaktari wa meno. Mwaka 1838 Edward Maynard, daktari wa meno wa Washington, aliichukua moja, akaichonga ikawa tupa nyembamba, akasafishia mfereji uliomo ndani ya mzizi wa jino. Wazo lilikuwa zuri: springi hupinda bila kukatika. Tatizo ni kwamba springi hutaka pia kurudi ilivyokuwa.

Mizizi michache sana imenyooka. Ile ya magego ya chini, hasa mzizi wa mbele, hupinda karibu na ncha, na picha ya eksirei haimwonyeshi daktari mpindo unaoelekea kwake au unaomkimbia. Mwaka 1971 mtafiti Schneider alipendekeza namna ya kupima mpindo huo: hadi digrii 5 mzizi umenyooka, kuanzia 25 umepinda vibaya. Tupa za chuma zilikuwa tayari na namba zinazoeleweka, kutokana na kazi ya John Ingle ya mwaka 1958. Namba 25 maana yake ncha ina upana wa robo ya milimita. Kabla ya hapo kila kiwanda kilijipimia kivyake, na namba ya huku haikulingana na ya kule.

Tupa namba 10 hufuata njia kwa upole. Ukifika 25 au 30, chuma kinakaidi, kama nondo iliyosukumwa ndani ya bomba lililopinda. Ncha inaula ukuta wa nje wa mpindo, na juu kidogo ubavu wa tupa unaula ukuta wa ndani.

Mwaka 1975 watafiti Weine, Kelly na Lio walifanya jambo rahisi lililowafumbua macho wenzao: walitengeneza mifereji iliyopinda ndani ya vipande vya plastiki angavu, wakaisafisha kwa tupa, kisha wakatazama. Tundu dogo la mviringo mwishoni lilikuwa limechanika na kuchukua umbo la tone la machozi. Juu yake palibaki kiuno chembamba. Gutapacha inayozibia mfereji hubanwa kwenye kiuno hicho, wakati pale chini, panapohitaji kuzibwa hasa, panabaki wazi. Bakteria hawahitaji nafasi kubwa. Jino linaonekana limepona, halafu miezi kadhaa baadaye fizi inavimba.

Baadhi ya madaktari walibadilisha mkono kabla metali haijabadilika. James Roane na wenzake walieleza mwaka 1985 namna ya kuizungusha tupa yenye ncha butu: robo ya mzunguko kwenda kulia, kisha kushoto huku ikikandamizwa kidogo, ili ibaki katikati ya mfereji. Ni mbinu ya vidole, haidai umeme wala mashine.

Metali nayo ikaja, ila si ya Kolwezi. William Buehler, katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, alikuwa ametengeneza aloi ya nikeli na titani mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1988 Walia, Brantley na Gerstein walichonga kutoka katika waya wake, ule wa kunyoosha meno, tupa za namba 15. Zilipinda kwa wepesi mara mbili hadi tatu kuliko za chuma. Ncha ya mzizi ikaanza kuheshimiwa, na mashine za kuzungusha tupa zikafuata katika miaka ya 1990.

Bei ya nikeli-titani ni ya juu, na metali hiyo ina hila yake. Chuma kikichoka, nyuzi zake hulegea na daktari aliye makini anaona. Nikeli-titani, ikizungushwa mara nyingi kwenye mpindo mkali, hukatika bila kutoa ishara, na kipande hubaki palepale nchani. Kwa hiyo kliniki zinazomiliki mashine bado huanza na tupa ya chuma namba 10 mkononi, ikifungua njia hadi mwisho wa mzizi, ndipo mashine iwashwe.