Namba Nyuma ya Picha

Picha ya marehemu bibi yangu, aliyopigwa Tanga mjini akiwa amekaa kitini, buibui ameliteremsha mabegani na mkono mmoja ameulaza juu ya meza ndogo yenye maua ya karatasi, ina nyuma yake mhuri wa zambarau uliokwisha kufifia, na chini ya mhuri huo namba ya tarakimu nne iliyoandikwa kwa penseli. Utotoni nikidhani namba hiyo ni bei, mpaka mama yangu aliponieleza kuwa ni namba ya negativu, ambayo iliandikwa kadhalika katika daftari la mpiga picha, ili mtu yeyote wa nyumba yetu, hata akija baada ya miaka mingi, aitaje tu na nakala nyingine isafishwe.

Nimeikumbuka namba hiyo kwa kuwa wapiga picha wetu wa leo, hasa vijana wanaotamani kuonyesha kazi zao Nairobi na ng'ambo, wanashauriwa waziuze picha zao kwa idadi maalumu: nakala kumi, au kumi na tano, kila moja na namba yake na sahihi ya mwenyewe, kisha mlango ufungwe na isitolewe nyingine daima. Namba ya bibi yangu ilikuwa ahadi kwamba picha itapatikana tena, na hii mpya ni ahadi kwamba haitapatikana tena; nami naona haifai kuipokea ya pili pasipo kwanza kuifahamu ya kwanza ilikotoka.

Hapa Tanga neno namba lenyewe lina uzito wake. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Na kutokana na hiyo michache yakaenea mashamba yaliyohitaji mikono mingi kuliko ile ambayo pwani ilikuwa radhi kuitoa. Watu wakaletwa kutoka mbali, na tangu mwaka 1944 ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU ikaifanya kazi hiyo ya kuwaandikisha na kuwasafirisha. Na kwa kuwa kila mmoja alitambulikana kambini kwa namba yake kabla ya jina alilopewa na wazazi wake, watu wa Tanga wakawaita manamba, neno ambalo hata leo husemwa kwa dharau.

Wazee husimulia jinsi watu hao, wakisha kupokea mshahara, walivyokwenda studio mjini, wakavaa koti na tai vilivyotundikwa ukutani kwa ajili ya wasio navyo, wakasimama wima mbele ya pazia lililochorwa, na picha ikatumwa kwa posta hadi kwa mama aliyekuwa hajapata habari za mwanawe kwa misimu kadhaa. Picha hiyo nayo ilikuwa na namba, ila namba yake haikumfuta mtu bali ilimhifadhi, kwani mama akitaka nyingine, au mchumba akitaka yake, negativu ilikuwapo na daftari lilikuwapo. Na aghalabu mpiga picha alipata riziki yake zaidi kwa nakala hizo za baadaye kuliko kwa ile ya kwanza.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa mengine. Wagoa wa Unguja, kama A. C. Gomes na ndugu Coutinho, walikwisha kufungua studio zao katika karne ya 19, na wakati wa Wadachi, reli ya Usambara ilipokuwa inapanda kutoka Tanga hata ikafika Mombo mwaka 1905, picha za nchi yetu ziligeuzwa kadi za posta na kuuzwa kwa wasafiri bila ya hesabu. Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na duka la picha Dar es Salaam, aliwapiga askari wengi ambao majina yao hatuyajui ilhali jina lake tunalijua. Picha zake zikaishia katika Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani, na mwezi wa Desemba mwaka 2008 hifadhi hiyo ilipozitoa picha zaidi ya 80,000 ziwe wazi kwa watu wote katika intaneti, za Dobbertin zilikuwamo. Kila mtu anaweza kuzichapa leo. Wajukuu wa askari wale hawakuulizwa mwanzo wala mwisho.

Desturi ya kuhesabu nakala imetoka kwa wachoraji wa Ulaya waliochonga bamba la shaba, nalo bamba huchakaa kila linapobanwa, hata nakala za mwanzo zikawa na mistari mikali na za mwisho zikawa hafifu. Hivyo namba ilisema kweli juu ya shaba. Amma negativu haichakai namna hiyo: nakala ya mia yaweza kuwa safi kama ya kwanza, na mpaka unaowekwa hautokani na kitu chenyewe ila na kiapo cha mwenye kuuza. Brett Weston wa Marekani, kwa kuwa hakutaka mtu mwingine azisafishe, alizichoma moto negativu zake nyingi siku alipotimiza miaka 80, mwaka 1991. Mwenzake William Eggleston alitoa mwaka 2012 nakala mpya, kubwa zaidi, za picha alizokwisha kuziuza kwa idadi maalumu. Mnunuzi mmoja akamshitaki akidai kuwa mali yake imeshushwa thamani, na mwaka uliofuata daawa hiyo ikatupwa na mahakama.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi ni wa Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948 na kuwapiga watu wa mji wake kama wetu walivyopigwa Tanga, nakala ndogo za kupeleka nyumbani. Katika miaka ya 1990 negativu zake zilisafishwa upya Ulaya kwa ukubwa wa kujaza ukuta, zikatiwa sahihi na kuuzwa kwa fedha ambazo hakuna mteja wake wa kwanza angaliziota. Na alipofariki mwaka 2001 negativu zikawa ugomvi baina ya watu walioishi mbali na nyumba za wale waliopigwa. Huko Unguja, Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imeendelea kumsafishia nakala za picha za kale kila aingiaye dukani, bila namba wala kiapo, na mji umejiona humo kwa miaka mingi.

Sisemi kijana asiuze kwa idadi maalumu, maana karatasi na dawa vina gharama, na mwenye kazi astahili kula kwa kazi yake. Nasema negativu asiichome, na mtu aliyekaa mbele ya kamera yake, pamoja na watoto wake, wasiingizwe kamwe katika hesabu ya zile kumi: hao wawe na haki ya kurudi.

Mwaka jana niliichukua picha ya bibi hadi mtaa ule ambao jina lake lasomeka bado katika mhuri. Duka sasa linauza simu. Kijana wa pale, mwenye adabu, alinipisha kiti, akaigeuza picha, akaisoma namba kwa sauti mara mbili, kisha akaniuliza ni ya nini.