Utii Uliogawanyika katika Riwaya ya Boxers & Saints

Riwaya ya michoro ya Gene Luen Yang, Boxers & Saints (2013), iliyoandikiwa vijana, inasawiri Uasi wa Mabondia nchini China (1899–1901). Vuguvugu hilo lilizuka katika jimbo la Shandong, ambako ukame, ubabe wa mataifa ya kigeni na migogoro baina ya wanavijiji na Wakristo vilichochea hasira. Wafuasi wake waliamini kuwa kupandwa na miungu kungewakinga na risasi. Ingawa walidai kuwafukuza wageni, wengi wa waliouawa walikuwa Wachina Wakristo.

Yang anakipa kila upande juzuu lake. Katika la kwanza, kijana Bao hugeuka miungu ya michezo ya kuigiza awapo vitani. Katika la pili, Vibiana, msichana aliyekataliwa na babu yake, anapata jina na makao kanisani, na hutokewa na Joan wa Arc. Hivyo, fantasia katika kazi hii si pambo, bali ni imani ya wahusika inayooneshwa kama wao wenyewe walivyoiona.

Umuhimu wa mbinu hiyo unadhihirika mwishoni. Bao anamuua Vibiana kwa kumhesabu msaliti, lakini sala aliyofundishwa na msichana huyo ndiyo inayomwokoa mbele ya askari wa kigeni. Msomaji wa juzuu la kwanza pekee hudhani Bao amekufa. Kwa hiyo, riwaya inabainisha kwamba historia ya uasi huu ikisimuliwa na upande mmoja hubaki pungufu.