Siku Mbili Somnath

Mji wa Prabhas Patan umo katika pwani ya Gujarat, magharibi mwa India, jirani na bandari ya Veraval. Wengi wetu huujua kwa jina la hekalu lake, Somnath. Wazee wetu walilitaja mara kwa mara, kwani ni kutoka pwani za Saurashtra na Kutch ambako wengi wao walipanda majahazi, wakafuata pepo za kaskazi hadi Unguja na Mombasa. Katika mwaka huu wa kumbukumbu ya hekalu letu, tulitenga Jumamosi na Jumapili moja tukaenda kuzuru.

Tuliposhuka gari moshi Veraval tulipokewa na harufu ya samaki na milio ya nyundo za mafundi wanaounda vyombo vya mbao. Jioni tuliacha simu zetu nje ya lango, kama ilivyo amri, tukaingia kwa ibada ya aarti ya saa moja. Somnath huhesabiwa kuwa ya kwanza miongoni mwa jyotirlinga 12 za Shiva. Ngoma na kengele ziliponyamaza, tulisikia mawimbi yakipiga ukuta wa nyuma.

Historia ya mahali hapa ina majeraha. Mwaka 1026 Sultani Mahmud wa Ghazni alilivamia hekalu na kuliteka nyara. Likajengwa tena katika karne ya 12, enzi ya mfalme Kumarapala. Mwaka 1299 jeshi la Alauddin Khalji likalibomoa. Mwaka 1783 Malkia Ahilyabai Holkar alijenga hekalu jingine karibu na magofu, nalo lingali likitumika. Novemba 1947 Sardar Vallabhbhai Patel alitangaza kwamba Somnath litajengwa upya. Hakujaaliwa kuliona, alifariki Desemba 1950. Tarehe 11 Mei 1951 Rais Rajendra Prasad alishiriki katika ibada ya kulizindua.

Habari hizo tulikwenda tukizijua. Ile ya Jumapili hatukuijua. Mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu, alitusimulia juu ya maandishi ya mwaka 1264, yaliyochongwa kwa Kisanskriti na kwa Kiarabu. Yanaeleza jinsi Nuruddin Firuz, mwenye meli kutoka Hormuz, alivyopata kiwanja karibu na mji huu akajenga msikiti. Baraza la mji liliridhia, na mkuu wa baraza hilo alikuwa kuhani wa Shiva. Msikiti uliwekewa mapato ya maduka na kinu cha mafuta, na ziada ikaagizwa ipelekwe Makka na Madina. Katika Kisanskriti, Mungu wa Waislamu anatajwa kwa jina la Vishvanatha, Bwana wa ulimwengu, jina ambalo sisi humwitia Shiva.

Ilikuwa miaka 238 tangu uvamizi wa Mahmud. Watu wa Somnath hawakuwa wamesahau. Walijua tu kwamba nahodha aliyeleta bidhaa bandarini kwao hakuwa yule sultani.

Tukiwa njiani kurudi tulizungumza habari ya jiwe la ukumbusho lililo mlangoni petu. Limeandikwa majina ya wafadhili, nasi tunayasoma kwa heshima. Lakini wazee wetu wametuhadithia kwamba maji ya kuchanganyia chokaa yalitekwa katika kisima cha jirani Mwislamu, asiyetaka malipo, na kwamba vijana wa mtaa, Waislamu na Wakristo, walisaidia kuchimba msingi. Majina yao hayamo.

Tunaiomba kamati, kabla mwaka huu wa kumbukumbu haujaisha, iwatafute wajukuu wao, iulize majina hayo na kuyachonga. Wazee wanaoyakumbuka wamebaki wachache. Nanyi majirani mnaosoma kitabu hiki, ikiwa babu yenu alikuwa miongoni mwao, tafadhali njooni mtuambie.