Hatubadilishi, Tunajazia

Kijikaratasi cha kliniki moja kimeniudhi. Kinawaeleza kina mama waliokoma hedhi kwamba ipo "tiba ya kubadilisha homoni". Mama mmoja niliyeketi naye benchi moja alikisoma, akamgeukia muuguzi: "Sista, mkishanibadilishia, hizi zangu mnazipeleka wapi?" Muuguzi alicheka. Mimi sikucheka, maana mama aliielewa lugha kuliko walioandika.

Badili tumelipata kwa Waarabu, pamoja na ndugu zake badala na mbadala. Sharti la ukoo huo ni moja: kimoja kitoke ndipo kingine kishike nafasi, kama tubadilishavyo mtungi wa gesi dukani. Jaa ni letu, la Kibantu. Limezaa jaza, jaza likazaa jazia, na kazi ya jazia ni kuongeza palipopungua, basi. Hakitolewi kitu.

Mwenzangu mmoja, mpenda makongamano, ameng'ang'ania "kufidia". Fidia kwa asili yake ni mali ya kumkomboa mateka. Mama yule alitekwa na nani? Nami pendekezo langu la "kujazia" niliwahi kulipeleka kwa wanakamati wa istilahi. Walinijibu baada ya miezi minane kwamba "limepokelewa", na jina langu wameliongezea herufi.

Wanaotetea kubadilisha hudai kwamba ovari zikiacha kazi hakuna cha kujazia. Hoja hiyo haina miguu. Hedhi kwa kawaida hukoma kati ya miaka 45 na 55. Sigara huiwahisha kwa mwaka mmoja au miwili, urithi nao una mkono wake, na mpasuaji akiondoa ovari zote mbili inakatika papo hapo. Mwanamke wa miaka 38 aliyefikwa na hayo, ikiwa hana kizuizi cha kiafya, hushauriwa kutumia homoni walau hadi umri ambao hedhi ingekoma yenyewe. Hiyo ni nini kama si kujazia miaka aliyopunjwa?

Kuhusu matumizi, kwa ufupi: mwenye mfuko wa uzazi hupewa estrojeni pamoja na projestojeni, na aliyewahi kuugua saratani ya matiti amweleze daktari kwanza.

Basi na iandikwe "tiba ya kujazia homoni". Jina langu ndilo halikuhitaji kujaziwa.