Injini Mpya kwenye Bodi ya Zamani

Edwin Budding wa Uingereza alipopata hataza ya mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830, ilisukumwa kwa nguvu za mikono. Injini ndogo zilikuja baadaye, na zilishamiri hasa baada ya 1953, kampuni ya Briggs & Stratton ya Milwaukee, Marekani, ilipotoa injini nyepesi ya alumini. Iliwauzia watengenezaji wengi wa mashine, na nadhani hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya kubadilisha injini: aliyeunda bodi ya mashine hakuwa aliyeunda injini, hivyo vipimo vilibidi viafikiane. Fundi akishatoa kisu na kufungua boliti, mara nyingi tatu, hukuta shafti iliyosimama wima, aghalabu yenye kipenyo cha inchi 7/8. Injini ya kampuni nyingine yenye shafti ya kipimo hichohicho mara nyingi hukaa palepale. Ndiyo maana kampuni ya Tecumseh ilipoacha kutengeneza injini mwaka 2008, mashine zilizokuwa nazo hazikugeuka vyuma chakavu.

Wapo wasemao injini mpya hukaribia bei ya mashine nzima. Ni kweli, na bodi iliyoliwa na kutu haistahili gharama hiyo. Lakini bodi nzima ya alumini haina kosa pistoni ikichakaa. Kabla ya kuitupa, pima shafti.