Mpangani wa Kibo: Aliyebaki Kambini Oktoba 1889

Kila Oktoba ikifika, ubishi wa Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, hufufuka. Mmoja atasema binadamu wa kwanza kusimama kileleni ni Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Mwingine atamjibu kwa hasira kwamba huo ni uongo wa wakoloni, na kwamba aliyewafikisha juu ni Mchagga wa Marangu, Mzee Yohani Kinyala Lauwo. Nimezisikiliza pande zote mbili na zote mbili zimenichosha. Zinagombania kilele, zinamsahau mtu ambaye bila kazi yake safari ile ingeshindwa kama zilivyoshindwa zilizotangulia. Alikuwa mtu wa Pangani, na jina lake ni Muini Amani.

Habari za mwanzo tumezisoma tangu shule. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, akiwa na kiongozi wake Bwana Kheri wa Mombasa, aliuona mlima wenye weupe juu yake. Huko London bwana mmoja aitwaye Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, akakataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda hadi kiasi cha mita 4,200 hivi. Mwaka 1871 Charles New akaigusa theluji yenyewe. Mwaka 1887 Meyer mwenyewe akafika kwenye ukuta wa barafu, na hapo akageuka. Mwaka uliofuata alirudi na Oscar Baumann, lakini vita vya Bushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani vilikuwa vimewaka pwani. Walikamatwa, wakafungwa minyororo, na kuachiwa kwao kukagharimu rupia 10,000.

Vitabu husimulia mfululizo huu kana kwamba kilichokosekana ni ushujaa. Mimi naona kilichokosekana ni chakula. Mtu aliyepanda toka Marangu alivuka migomba, msitu wa mvua na nyika ya baridi, na alipoikaribia barafu mfuko ulikuwa mtupu. Akishindwa siku ya kwanza, hakuwa na siku ya pili. Ilimbidi ashuke hadi mashambani. Mlima ulikuwa unawarudisha watu kwa njaa kabla haujawarudisha kwa baridi.

Mwaka 1889 Meyer alikuja na hesabu nyingine. Pwani ya Wajerumani ilikuwa bado vitani, kwa hiyo alipitia Mombasa na Taveta, akafika kwa Mangi Marealle wa Marangu mwishoni mwa Septemba. Ilikuwa ukingoni mwa kiangazi. Vuli ilikuwa karibu, na mvua za vuli zikianza, mawingu huufunika mlima, njia ya msituni hugeuka utelezi, na juu theluji mpya huficha nyufa za barafu. Msimu wa kujaribu na kurudi nyumbani kujipanga upya ulikuwa umekwisha. Ndipo akapanga kambi kwa ngazi: moja Marangu, nyingine mpakani mwa msitu, ya tatu juu kabisa, katika ule uwanda mkavu kati ya Kibo na Mawenzi, kiasi cha mita 4,300. Wapagazi wakawa wanapandisha chakula kila baada ya siku chache.

Kambi ile ya juu ndiyo roho ya habari yote. Wenzake walipoteremka, aliyebaki pale na Wazungu wawili ni Muini Amani peke yake. Kwa Mpangani, mtu wa joto na chumvi ya bahari, pale ni mahali ambapo maji huganda usiku na pumzi haitoshi. Yeye alipika, alitunza moto, alilinda hema. Siku kumi na sita Meyer na Purtscheller walikaa kwenye nyanda hizo za juu, na hazikuwezekana bila mtu wa kambi.

Tazama jinsi siku hizo zilivyotumika. Tarehe 3 Oktoba wale wawili waliondoka usiku. Purtscheller alichonga ngazi kwenye barafu kwa shoka, hatua moja baada ya nyingine, na mchana wakafika ukingo wa kreta. Kutoka pale waliona kwamba sehemu ya juu kabisa bado iko mbali, upande wa kusini, nao wameishiwa nguvu. Wakageuka. Safari zote za nyuma zingeishia hapo, na kwa kuwa vuli ilikuwa inabisha hodi, zingesubiri mwaka mwingine. Safari hii walishuka wakakuta chakula, moto na mtu. Wakapumzika, wakaenda kulala pangoni kwenye mawe ya volkano, na tarehe 6 Oktoba wakapita kwenye ngazi zao zilezile za barafu. Saa nne na nusu asubuhi walikuwa kileleni.

Sasa nirudi kwa Mzee Lauwo, maana najua nitalaumiwa. Jina lake lilipata umaarufu mwaka 1989, wakati wa kuadhimisha miaka mia moja, na alipofariki mwaka 1996 ilisemwa alikuwa na miaka 125. Mtu aliyeishi muda mrefu kuliko wote kwa ushahidi unaokubalika, Mfaransa Jeanne Calment, alikufa na miaka 122. Simulizi yenyewe inasema kijana Lauwo alikamatwa akikwepa kazi ya kulazimishwa ya barabara. Mwaka 1889 Wajerumani hawakuwa wakitawala Marangu kiasi cha kuwakamata vijana wajenge barabara. Hayo yalikuja baadaye. Naamini Mzee Lauwo aliongoza wageni mlimani, tena kwa miaka mingi, na heshima yake ni halali. Huenda hata alipanda na Meyer, aliyerudi mwaka 1898. Ila kumfikisha kileleni mwaka 1889 ni kumtwisha mzigo ambao ushahidi hauubebi.

Upande wa pili nao haupati msamaha wangu. Kitabu cha Meyer kinamsifu Muini Amani, kisha waliokinakili wakamwacha njiani. Meyer aliita kilele jina la Kaisari Wilhelm, akachukua jiwe la juu kabisa akampelekea Kaisari huyo, likapachikwa ukutani katika kasri la Potsdam. Jiwe likapata kasri, mtu wa kambi hakupata hata mstari katika vitabu vya shule. Na mji wake? Tarehe 15 Desemba mwaka uleule, miezi miwili na kidogo baada ya kilele, Wajerumani walimnyonga Bushiri palepale Pangani.

Mengine yalikwenda haraka. Waingereza walikuja, wakaacha majina yao kwenye ukingo wa kreta, kama Gillman. Usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akapandisha bendera na mwenge, na kilele cha mita 5,895 kikaitwa Uhuru. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1973. Barafu ya mlima imekwisha kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Maelfu hupanda kila mwaka, na hadi leo hakuna mgeni anayefika bila wapagazi, wale tunaowaita wagumu, wanaotangulia na mahema, masufuria na maji kichwani.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa historia, kwa waongozaji wa Marangu na kwa wanaotunga vitabu. Mkimtaja Meyer na Purtscheller, mtajeni na Muini Amani wa Pangani, na mseme alifanya nini. Hakufika kileleni, na hatuna haja ya kumzulia. Alibaki mita 4,300, akawasha moto, na kwa sababu hiyo wenzake walipata siku ya pili.