Kiunzi Kama Kigezo cha Kuainisha Briozoa Hai na wa Visukuku

Briozoa ni wanyama wa majini, wengi wao wa baharini, wanaoishi katika makoloni yaliyojishikiza kwenye mawe, makombe na mwani. Koloni huundwa na zooidi, vinyama ambavyo aghalabu havifiki urefu wa milimita moja, na katika vikundi vingi kila zooidi hujijengea kuta za chokaa. Mnyama akifa nyama huoza, kuta hubaki. Kwa sababu hiyo uainishaji wa faila hii umeegemea kiunzi tangu karne ya 19.

Msimamo huo sasa unapingwa. Tafiti za vinasaba zimeonyesha kwamba Ascophora, kundi lililotambuliwa kwa ngao ya chokaa iliyo mbele ya zooidi, si ukoo mmoja. Ngao hiyo ilizuka zaidi ya mara moja. Kutokana na hayo hudaiwa kwamba kiunzi kimepitwa na wakati. Dai hilo linachanganya maswali mawili: kundi lipi ni tawi la lipi katika ngazi za juu, na spishi moja inaishia wapi ili nyingine ianze.

Katika swali la kwanza wapinzani wana haki: si kila sifa ya kiunzi huonyesha undugu, na historia ya uainishaji huu inalionyesha hilo. Mwainishaji wa karne ya 19 Alcide d'Orbigny alilipa umbo la koloni uzito mkubwa mno, ilhali spishi moja yaweza kutambaa juu ya jiwe hapa na kusimama wima pale. Mtafiti wa briozoa Thomas Hincks, katika kitabu chake cha 1880, aliuhamishia uzito huo kwenye zooidi yenyewe, hasa umbo la tundu lake. Hatua hiyo iliufanya uainishaji uwe wa kutegemewa zaidi.

Swali la pili lina jibu jingine. Sampuli ya briozoa wa kundi la Cheilostomata ikilowekwa katika dawa ya klorini hadi utando uishe, hadubini ya elektroni huonyesha tundu la zooidi, meno mawili madogo yanayoshikilia kifuniko chake, chumba cha kulelea mabuu, na avikularia, yaani zooidi zilizogeuka taya. Mwaka 1990 watafiti Jeremy Jackson na Alan Cheetham waliijaribu thamani ya sifa za namna hiyo kwa makoloni hai ya Karibi ya jenasi tatu zisizo na undugu wa karibu: Steginoporella, Stylopoma na Parasmittina. Watoto waliokuzwa katika mazingira ya pamoja waliangukia, kwa vipimo vya kiunzi, katika spishi za mama zao. Protini nazo zilitenganisha spishi zile zile zilizotenganishwa na kiunzi. Jaribio hili lina uzito wa pekee kwa kuwa lingeweza kushindwa: kama tofauti za kiunzi zingekuwa zao la mawimbi au chakula tu, zingefutika mazingira yalipolinganishwa.

Hoja dhidi ya kiunzi ni Bugula neritina, jina moja lililokuja kugundulika kuwa limebeba spishi kadhaa zilizofichika. Lakini spishi hiyo ina chokaa kidogo na haina avikularia kabisa. Inathibitisha kwamba kiunzi chenye sifa chache hutoa habari chache. Haithibitishi kwamba kiunzi chenye sifa nyingi hudanganya.

Upande wa visukuku hakuna njia nyingine. Briozoa waliochimbwa katika miamba ya Kilwa, kusini mwa Tanzania, wa mpito kati ya enzi za Eosini na Oligosini miaka milioni 34 hivi iliyopita, hawana vinasaba vya kusomwa. Vivyo hivyo briozoa wa kundi la Fenestrata, waliotoweka wote pasipo mzao hai wa kulinganishwa nao.

Kwa hiyo vinasaba viachiwe kupanga matawi makuu, na kiunzi kiendelee kubainisha spishi, mradi vyote viwili vichukuliwe kutoka koloni moja. Spishi hai inayotangazwa kwa vinasaba pekee, bila picha ya kiunzi chake, haiwezi kulinganishwa na kisukuku chochote.